Umeme wa Shavuni na Mkono wa Minza

Mmeniomba niandike. Siku ile mliponiaga, soda zilipokwisha na hotuba zikabaki, mlisema mzee andika, sisi wa nyuma tujifunze. Nimekubali kwa sababu hapa nyumbani Bariadi kazi yangu imebaki kufukuza kuku wa jirani, na kwa sababu kuna jambo moja mnalisimulia kwa kunisifu, na sifa hizo zinanichoma. Habari za vyeo sitaziandika. Nilivyopewa mnavijua, na nilivyonyimwa wanavijua walioninyima. Nitaandika juu ya chumba cha mazoezi ya viungo cha hospitali yetu, mashine ya umeme, na mama mmoja wa Kasoli ambaye humu nitamwita Minza. Jina hilo si lake. Mengine yote ni yake na yangu.

Nilipoanza kazi hakuna mtu huku kwetu aliyekuwa amesikia habari ya mkoa wa Simiyu. Tulikuwa Shinyanga, na barua yangu ya kuajiriwa ilichelewa njiani kuliko mimi mwenyewe. Kuku mgeni hakosi kamba mguuni, na kamba yangu mimi ilikuwa cheti. Nilikuwa nimekivisha plastiki. Aliyenipokea ni Mzee Lameck, mtu mfupi mwenye viganja vipana, ambaye alikuwa amekiendesha chumba cha viungo miaka mingi kwa kujifunza kazini tu. Akakisoma cheti mbele na nyuma, akakiweka juu ya kabati.

"Vizuri," akasema. "Sasa nioneshe mikono."

Nikamwonesha.

"Kata kucha."

Chumba chenyewe kilikuwa stoo ya magodoro zamani. Vyuma vya kujifunzia kutembea vilikuwa mabomba ya maji yaliyochomelewa na fundi wa sokoni. Ukutani palipigiliwa gurudumu la baiskeli, mtu mwenye bega lililoganda alizungushe. Vifuko vya uzito tulishona kwa miguu ya suruali kuukuu, tukajaza mchanga wa mtoni. Mlitembelea chumba kile mkacheka, nikawaona. Lakini watu waliingia humo wamebebwa na wakatoka kwa miguu yao, na hiyo ndiyo kazi.

Mzee Lameck alikuwa na utaratibu mmoja ambao ulinichosha sana. Kabla hujamgusa mgonjwa kwa kifaa, mguse kwa mkono. Na kabla hujamgusa kwa mkono, msikilize mpaka anyamaze mwenyewe. Wagonjwa wetu wengi Kiswahili chao ni cha sokoni. Nyumbani ni Kisukuma, na Msukuma hakuelezi maumivu ya goti kabla hajakueleza ng'ombe waliopotea mwaka ule goti lilipoanza kuuma. Lameck alikuwa akisikiliza mpaka ng'ombe wote wapatikane. Mimi nilisimama nyuma yake na cheti changu kichwani, nikijiambia huu ni utaratibu wa watu wasio na vifaa. Nikipata vifaa, nilijiambia, sitahitaji habari za ng'ombe.

Vifaa vikaja, maana ruksa ilikuwa imekuja. Miaka ile kila kitu kilifunguliwa kwa mpigo. Mitumba ikafika kwa marobota, wanunuzi binafsi wakaja na mizani zao kununua pamba ambayo zamani ilikuwa ya ushirika peke yake, na hospitalini wakaanzisha uchangiaji, yaani mgonjwa aje na daftari lake, glavu zake, na dawa yake akaitafute dukani. Katikati ya vurugu hiyo kasha la mbao likashushwa kwetu, zawadi ya watu wa kanisa fulani la ng'ambo. Ndani yake mlikuwa na mashine ya kuamshia misuli kwa umeme. Kitabu cha maelekezo kilikuwa katika lugha ambayo hata padri hakuitambua. Tuliifunga kwenye betri ya gari, na betri tukawa tunaipeleka kwa fundi redio kuchajiwa.

Nieleze inavyofanya kazi, kwa sababu zenu siku hizi zina vioo na vitufe na hamjui tena kilichomo. Pedi kubwa unaifunga juu ya mgongo, karibu na shingo. Pedi ndogo, kama sarafu, ina mpini; unaigusisha usoni mahali unapopita mshipa wa fahamu unaoongoza misuli ya uso. Ukibonyeza, nusu ya uso inaruka. Tuliitumia kwa watu ambao uso umeanguka upande mmoja. Mnafundishwa kwamba uso wa namna hiyo mara nyingi hurudi wenyewe, na umeme hauongezi sana. Ni kweli. Lakini sisi tulikuwa tumepata mashine, tungemtia umeme hata mbuzi.

Pedi zile zilihitaji pamba iliyoloweshwa maji ya chumvi. Hapo ndipo penye kichekesho. Wilaya inalima pamba mpaka malori yanaimwaga njiani na miiba ya kando ya barabara inaota ndevu nyeupe, na hospitali haina pamba. Pamba ya hospitali ilikuwa ile ya kuviringishwa kwenye karatasi ya bluu, inatoka mbali, na siku hizo haikuwa inatoka tena. Mzee Lameck akaleta kiroba cha pamba ghafi kutoka shambani kwake. Kila mgonjwa aliyekaa kwenye kiti cha umeme aliwekewa fungu mapajani, akawa anatoa mbegu wakati sisi tunamtibu usoni. Jioni tuliichemsha na kuianika. "Tena mtu mwenye kazi mkononi haogopi," alisema Lameck. Nadhani hakuna chumba kingine cha viungo nchini kilichofanya hivyo, na ndiyo sababu mambo yaliyofuata yalitupata sisi.

Muda si mrefu Lameck akastaafu, akaenda Kiloleli kulima mpunga. Nikabaki peke yangu na mashine. Sitawadanganya, nilifurahi.

Minza alikuja wakati wa palizi. Alikuwa mwanamke wa miaka thelathini na kitu, mke wa mfugaji mpole, na kazi yake ilikuwa kuchambua pamba kwenye chama cha msingi pale Kasoli, safi huku, fifi kule. Fifi ni ile yenye madoa na takataka, na bei yake ni ya huzuni. Wakulima walipobishana na karani, watu walisema twendeni kwa Minza. Alikuwa akipitisha vidole tu, hata hatazami, na ubishi unakwisha. Mnunuzi binafsi mmoja alikuwa anajenga ghala palepale Kasoli, na ilisemekana atachukua mtu mmoja tu wa kuchambua. Kila mtu alijua ni nani. Shida ilikuwa jicho lake la kulia lilikuwa halifungi.

"Baba daktari," aliniambia siku ya kwanza, "nataka uso huu upone kabla pamba haijafunguka. Hawataweka mlangoni mtu anayewakodolea macho."

"Mayu, utapona," nikamwambia, yaani mama.

Kwenye shavu lake la kulia palikuwa na baka lililopauka, na juu yake chale tatu na weusi wa dawa. Alikuwa ameshapita kwa nfumu, mganga wetu wa kienyeji, huko Sola. Nikacheka moyoni, nikaandika kwenye daftari lake: makovu ya dawa ya kienyeji. Jicho lilikuwa halifungi, lakini mdomo ulikuwa karibu sawa. Uso ulioanguka kwa kawaida huanguka wote, paji, jicho na mdomo. Jambo hilo peke yake lilitakiwa kuniamsha. Nikaandika: mdomo umeshapona, anaendelea vizuri.

Kisha nikamwekea umeme. Wanaume wa miraba minne walikuwa wakishika kiti na kumwita mama. Minza alikaa kama anasukwa nywele.

"Mayu, wewe ni jasiri," nikamwambia.

"Mbona sisikii kitu kikubwa, baba daktari."

"Ndiyo ujasiri wenyewe huo."

Naomba msome mistari hiyo mara mbili. Mimi nimeisoma miaka mingi.

Alikuwa akija mara mbili kwa wiki. Kwenye kiti alipewa fungu la pamba kama wengine, ila yeye hakuishia kutoa mbegu, alichambua pia, safi paja hili, fifi paja lile. Siku ya nne au ya tano nikaona jambo. Nilipobonyeza shavuni, mbegu ilimponyoka vidoleni. Nikabonyeza tena, ikamponyoka tena. Nikakata kipande cha karatasi, nikamwambia akibane kati ya kidole gumba na cha shahada, nikawa navuta. Nikibonyeza, karatasi inatoka. Nisipobonyeza, inatoka pia, lakini nilikuwa nimeshapata jibu langu: umeme uliotangulia haujaisha mkononi.

Usiku ule raha ilininyima usingizi. Kesho yake nikafunga mlango, nikajiwekea pedi shavuni mwenyewe. Kwa mkono wa pili nikabana karatasi niliyoning'iniza kijiwe kwa uzi, nikakaza. Nikabonyeza. Kijiwe kikashuka kidogo, kufumba na kufumbua, kisha kikasimama. Nikarudia mpaka shavu likawa jekundu, kama mtu mweusi anaweza kuwa mwekundu. Kisha nikawaita watu, mlinzi, mpishi, makarani wawili wa mapokezi. Nikawa naweka kidole changu juu ya kile kinofu cha nyama kati ya gumba na shahada wakati wamekikaza. Umeme ukigonga shavu, kinofu kinalegea kidogo sana, halafu kinakaza tena. Si kwa wote sawasawa, lakini kilikuwa kinalegea.

Chuoni walitufundisha kwamba kwenye ubongo sehemu inayoongoza mkono imepakana na ile ya uso. Basi nikajiambia ni majirani hawa. Uso ukigongwa, mkono unanyamaza kidogo usikilize jirani kapatwa na nini. Nikanunua daftari kubwa, nikachora nyuso na mikono. Nikamwandikia mwalimu wangu wa zamani, naye akanijibu kwa kadi, akanihimiza niendelee kuchunguza. Kadi ile nilitembea nayo mfukoni. Mimi, mtoto wa mkulima wa pamba, nimeona kitu cha ubongo kwa karatasi na kijiwe! Nilivimba kichwa hadi kofia ikawa ndogo.

Na Minza aliniambia. Watu husema mficha maradhi kifo humuumbua. Minza hakuficha. Aliniambia mara tatu.

Mara ya kwanza alisema, "Baba daktari, hata nyumbani vinaponyoka. Jana nimeangusha kibuyu cha maziwa, mama mkwe amenisema."

"Ni umeme umebaki mwilini, mayu. Utaisha."

Mara ya pili mvua zilikuwa zinaelekea kwisha. "Hivi vidole viwili vya mwisho ni kama vya mtu mwingine. Nimeungua kwenye chungu, nimejua kwa harufu."

"Umelalia mkono," nikamwambia, huku nachora kwenye daftari.

Mara ya tatu pamba ilikuwa imeanza kupasuka mashambani. Alinyoosha mkono mbele yangu, na kidole kidogo na jirani yake vilikuwa vimejikunja. Nikasema tutapunguza nguvu ya umeme. Nikaipunguza kweli, na nikaandika kwenye daftari langu kwamba leo nimepunguza nguvu nione mkono utafanyaje.

Lameck angekuwepo angeniwekea kiganja mdomoni. Hakuwepo, alikuwa Kiloleli anafukuza ndege kwenye mpunga.

Wiki hiyohiyo akapita mratibu wa kifua kikuu na ukoma, mtu wa pikipiki na vumbi, aliyekuwa akizunguka vijijini akiwafuata wagonjwa wake. Aliingia kuomba maji ya kunywa. Minza alikuwa kwenye kiti, nami sikuweza kujizuia.

"Njoo uone kitu ambacho hata Dar es Salaam hawajakiona," nikamwambia.

Nikampa Minza karatasi, nikabonyeza, nikavuta, ikatoka. Mratibu alikunywa maji yake yote kwanza.

"Zima mashine," akasema.

Nikazima.

"Mpe karatasi tena."

Nikampa. Minza akaibana kwa nguvu zake zote, mpaka kidole gumba kikajikunja katikati. Mratibu akaivuta kwa vidole viwili, polepole, ikatoka kama haikushikwa. Jaribio lile la karatasi nililifanyia mtihani chuoni, wenzangu. Ni jaribio la mshipa wa fahamu unaopita nyuma ya kiwiko, gumba likijikunja ujue mshipa umedhoofika. Nilikuwa nalifanya mara mbili kwa wiki kwa miezi, na kila mara linanipa jibu, na kila mara naliandika jibu la swali lingine.

Akachukua pamba palepale mapajani kwa Minza, akaisokota ncha nyembamba. Akamwambia afumbe macho, na lile lisilofungika akaliziba kwa kiganja. "Mayu, nikikugusa, onesha kwa kidole nilipogusa." Akamgusa paji, Minza akaonesha. Akamgusa kidevu, akaonesha. Shavu la kushoto, akaonesha. Kisha akaigusisha kwenye lile baka langu la dawa ya kienyeji, mara moja, mara ya pili, mara ya tatu. Minza alikaa anangoja. "Anza basi," akasema.

Mratibu akanishika mkono, akauweka nyuma ya kiwiko cha Minza. Mshipa ulikuwa umevimba kama kamba ya kufungia ndama. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kumgusa kiwiko.

Tulitoka nje. "Alianza lini kulalamika mkono?" akaniuliza. Nikamwambia baada ya palizi. Akahesabu miezi kwa vidole vyake, akaacha. "Ungenipigia hata mluzi nikipita," akasema. Ukoma dawa yake ipo, na ilikuwepo hata siku zile, bure kabisa, ruksa haikuigusa. Mshipa ukivimba una muda wake. Ukiuwahi na vidonge vya kushusha uvimbe, mkono unaweza kurudi. Ukipita muda, unaua wadudu lakini mkono unabaki hivyo. Yeye alinieleza haya kwa upole, na upole wake ulinitia hasira. Ningependa anitukane.

Mtanisamehe nirudi kidogo kwenye ule ugunduzi wenu mnaousifu. Shavu la Minza lilikuwa na ganzi. Umeme wangu ulipogonga pale, ubongo wake haukupata habari, au ulipata kidogo mno. Mbegu haikumponyoka kwa sababu ya shavu, ilimponyoka kwa sababu mkono ulikuwa unakufa. Kwa mlinzi, kwa mpishi, kwangu mimi, jambo lile lilikuwa kweli tupu. Kwa Minza halikuwa kweli hata siku moja. Nilipata ukweli wa watu wengine kwa kumtazama yeye, na wa kwake ukanipita ukiwa umekaa mbele yangu.

Alipewa dawa, akazimeza zote bila kukosa siku. Baka likafifia. Jicho likawa linafunga karibu lote. Mkono haukurudi, vidole viwili vikabaki vimejikunja na kile kinofu cha nyama kikaliwa mpaka pakawa na shimo. Msimu ulipofunguliwa, mnunuzi yule hakuchukua mchambuzi yeyote. Wanunuzi walikuwa wanagombania mzigo, safi na fifi wakaipakia pamoja kwenye lori moja, kila mtu aende. Kuna waliosema basi Minza hakupoteza kitu. Waliosema hivyo walikuwa na mikono miwili.

Nyumbani mama mkwe alimtengea kata yake ya kunywea maji. Nilikwenda mara mbili kueleza kwamba anayetumia dawa haambukizi mtu. Walinisikiliza kwa heshima, wakanipa maziwa, na mume wake akanisindikiza hadi barabarani. Nilipoondoka kata ikarudi kwenye kigingi chake cha peke yake. Hilo aliniambia Minza mwenyewe, bila kulalamika.

Sasa sikilizeni sehemu ambayo sikuwahi kumwambia mtu. Minza alinishukuru. Miaka yote. Tukikutana sokoni Bariadi alikuwa akiweka mzigo chini, anainama, anawaambia watu, "Huyu ndiye baba aliyenifungua uso. Alinitia umeme mpaka ugonjwa ukajulikana. Wabeja, baba." Ahsante, ahsante, mbele ya watu. Nami nilikuwa naitikia. Hata hospitalini, wageni wakija, nilisema tuligundua mgonjwa wa ukoma kwenye chumba cha viungo. Tuligundua. Neno hilo lina nafasi ya kutosha kujificha mtu mzima.

Daftari kubwa nililifungia kabatini na sikuandika tena. Mlilikuta ninyi, mwaka wangu wa mwisho kazini, mlipokuwa mnahamisha vitu kwenda jengo jipya. Neema akalisoma lote. Nilimfundisha kazi mwenyewe na najua hasomi kitu nusu. Akaja mbio na simu yake mkononi.

"Mzee Shija, huko ng'ambo wanalijua hili! Uso ukishtuliwa, mkono unatulia kidogo. Wanalipima kwa mashine kubwa. Wewe ulilipima kwa kijiwe!"

Ndiyo asili ya ile hotuba yenu. Mlisimama mkasema mzee wetu aliwatangulia wazungu, mkapiga makofi. Ndani ya daftari hilo hilo mna ukurasa wenye tarehe ya kibuyu cha maziwa, nimeandika kwa mkono wangu: mgonjwa anasema hata nyumbani vinaponyoka, athari ya umeme inadumu. Neema aliusoma ukurasa huo. Hakuna mtu aliyemwona mgonjwa ndani yake. Kama mnataka funzo mliloniomba niwaandikie, ni hilo, na limeshakwisha: zimeni mashine, mgonjwa amalize maneno yake.

Niliona nisiandike haya kabla Minza hajayasikia kwangu. Mwezi uliopita nikaenda Kasoli. Mume wake amekwisha kufariki, watoto wamejenga karibu. Nilimkuta anachambua mchicha kwenye ungo, kwa mkono wa kushoto. Alifurahi kweli kuniona. "Mwangaluka, baba daktari," akasema, akanivutia kiti.

Nikamwambia yote, kuanzia mbegu ya kwanza. Sikuacha kibuyu, sikuacha vidole vilivyoungua, sikuacha ile kadi mfukoni. Alisikiliza huku anaendelea na mchicha, kisha akaacha.

"Ungeweza kujua?" akaniuliza.

"Ningeweza."

"Lini?"

"Siku ile ya kibuyu."

 Alikuwa amekiweka kile kiganja chake juu ya goti na anakitazama kama mtu anayeangalia mtoto aliyelala.

"Mimi miaka yote nimesema ni Mungu," akasema. "Mungu hagombezwi. Nikanyamaza, nikalea watoto, nikalala usingizi. Mume wangu amekufa anajua ni Mungu." Akanigeukia. "Sasa umeniletea mtu."

Nikamwambia nimekuja kuomba msamaha.

"Umekuja kupumua," akasema. "Nakuona, umeshaanza kupumua. Mimi ndiyo naanza kubanwa leo."

Alikuwa amesema kweli. Kifua changu kilikuwa kimekuwa chepesi tangu nilipotaja kibuyu. Akanyanyuka, akachukua ungo wake, akaingia ndani.

Huku kwetu mgeni haondoki bila kuwekewa hata maji ya kunawa. Nikakaa. Nilikaa mpaka kivuli cha nyumba kikanifikia miguuni. Nikasikia sufuria inafunuliwa, mwiko unakwangua, akipakua. Nikasikia sahani moja tu. Nikaaga pale mlangoni kwa Kisukuma, kama mtoto wa nyumbani, nikangoja aniitikie, nikasikia mwiko tu, kisha nikaenda zangu barabarani.